Vidonge vya choa: terbinafini, itrakonazoli, flukonazoli au griseofulvini?

Mtu akifika duka la dawa na kusema ana mashilingi, yaani choa, mwilini, mara nyingi hupewa kilichopo rafuni. Leo flukonazoli moja ya miligramu 150, kesho griseofulvini za siku kumi, duka la tatu linampa ketokonazoli. Zote zinaitwa dawa za fangasi, basi zinaonekana ni mamoja. Lakini kila moja ina namna yake ya kumshika fangasi, muda wake wa kukaa kwenye ngozi, na watu ambao ni hatari kwao. Tena katika miaka ya karibuni ametokea fangasi wa choa ambaye dawa iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha haimwezi tena, na mpangilio wa zamani umevurugika.

Nani anahitaji kidonge

Choa kimoja au viwili, mkononi au kifuani, havihitaji kidonge. Krimu ya terbinafini ya asilimia 1, ikipakwa mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili, inatosha. Klotrimazoli ya asilimia 1 nayo inaponya, ila inataka mara mbili au tatu kwa siku na wiki tatu hadi nne. Hata mafuta ya Whitfield, yale yanayonuka zahanati, bado yanafanya kazi. Kinachowaangusha wengi ni kupaka katikati ya duara tu. Fangasi walio hai wako ukingoni, kwa hiyo dawa ivuke ukingo kwa sentimita mbili hivi, na iendelee kupakwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi.

Kidonge kinaingia pale madoa yanapokuwa mengi au yameshika eneo kubwa, au krimu imepakwa sawasawa kwa wiki nne na duara bado linatanuka. Kinaingia pia ikiwa kuna vipele vigumu kwenye vinyweleo, maana hapo fangasi ameshateremka kwenye shina la nywele ambako krimu haifiki. Mapunye ya kichwani yanataka kidonge kwa sababu hiyohiyo. Ongeza mwenye kinga dhaifu, na yeyote aliyekuwa akijipaka krimu yenye steroidi, dawa inayozima kuwasha na wekundu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni choa. Ukurutu wa duara unafanana nacho sana, soriasisi nayo inaweza kudanganya. Utangotango, yale madoa meupe au ya kahawia yenye unga mwembamba kifuani na mgongoni, unaletwa na fangasi wa jamii nyingine kabisa. Vidonge vya terbinafini na griseofulvini haviuponyi, hata ukivimeza miezi. Na baka lililofifia rangi, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba mgonjwa hasikii, lipelekwe kupimwa ukoma. Tanzania bado inapata wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka, na dawa zake hutolewa bure.

Kipimo cha choa ni rahisi: magamba yanakwanguliwa ukingoni mwa duara, yanawekwa tone la potasiamu haidroksaidi, yanatazamwa kwa hadubini. Maabara yoyote yenye hadubini na fundi aliyezoea inaweza. Mtu akiwa amepaka krimu ya fangasi siku hizo, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu wakati kitu kipo.

Terbinafini

Kwa choa cha mwili ambacho hakijachezewa na dawa nyingine, hii ndiyo ninayoiweka mbele. Mtu mzima anameza miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki mbili hadi nne. Haijali chakula, unaweza kuimeza tumbo tupu au limejaa. Inazuia kimeng'enya ambacho fangasi anakihitaji kujenga utando wa seli yake, na mabaki yanayorundikana ndani yanamuua. Dawa nyingine nne tutakazozitaja zinamsimamisha tu asiendelee kukua, hii inamuua. Tena inabaki kwenye tabaka la juu la ngozi kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana doa linaendelea kusafika hata dawa ikiwa imeisha.

Watoto hupimwa kwa uzito: chini ya kilo 20, miligramu 62.5, yaani robo ya kidonge cha 250. Kilo 20 hadi 40, nusu kidonge. Juu ya hapo kidonge kizima. Hayo ni ya kupangwa na daktari.

Ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ini. Mwenye homa ya ini ya muda mrefu au mnywaji mkubwa asipewe, na kupima vimeng'enya vya ini kabla ya kuanza ni busara, hasa dozi ikitarajiwa kupita wiki nne. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, macho yakawa ya njano, kichefuchefu kisichoisha, acha siku hiyohiyo uende hospitali. La pili ni ladha. Wachache hupoteza ladha ya chakula, na hali hiyo inaweza kudumu wiki hata miezi baada ya kuacha. Mtu anayelalamika kwamba wali hauna chumvi wakati wengine mezani wanakula vizuri, aulizwe anameza nini.

Mwenye figo zilizochoka naye hafai kwa dawa hii, wala mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Inapandisha pia kiasi cha baadhi ya dawa mwilini, kama amitriptilini ya sonona na metoprololi ya presha, na inaipunguzia kodeini nguvu ya kutuliza maumivu.

Itrakonazoli

Hii ndiyo yenye nguvu panapokuwa na ugumu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na namna ya kuimeza. Kwa choa cha kawaida dozi ni miligramu 100 kwa siku kwa wiki mbili, au 200 kwa siku kwa siku saba. Kwa choa sugu ni habari nyingine, nitaifikia.

Kapsuli yake ina punje ndogondogo ndani, na dawa iliyo kwenye punje hizo inahitaji asidi ya tumbo na chakula ili iyeyuke. Imeze mara tu baada ya mlo kamili. Ukiimeza na chai ya rangi asubuhi ukakimbilia daladala, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Anayefunga Ramadhani aimeze baada ya futari, panafaa kuliko daku ya haraka haraka. Usiifungue kapsuli, usizisage punje. Dawa za kutuliza asidi, zile za kutafuna au za maji meupe, zitengwe nayo kwa saa mbili. Omeprazoli na ndugu zake ni adui mkubwa zaidi kwa sababu zinazima asidi kwa siku nzima. Kama haziwezi kusimamishwa, itrakonazoli imezwe pamoja na soda ya kola ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Hii si hadithi ya mtaani, ni maelekezo ya kitabibu: asidi ya soda inaziba pengo. Dawa hiyohiyo ikija kama maji kwenye chupa, kanuni inageuka, inanywewa tumbo likiwa tupu. Na kuna kapsuli za toleo jipya za miligramu 50 au 65 ambazo zinafyonzwa vizuri zaidi, moja yake ikifanya kazi ya 100 ya zamani. Usibadilishe moja kwa nyingine kwa kuhesabu kapsuli.

Kuhusu usalama, kwanza moyo. Itrakonazoli inapunguza nguvu ya moyo kusukuma damu, kwa hiyo mwenye moyo uliochoka au aliyewahi kuvimba miguu kwa ajili ya moyo asiimeze kwa ajili ya choa. Pili, inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi sana. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, haichanganywi nayo kabisa, misuli inaweza kuoza na figo kufunga. Dawa za presha za jamii ya nifedipini zinapanda mwilini na kuvimbisha miguu. Kwinini nayo ni ya kuchunga kwa sababu ya mapigo ya moyo, kwa hiyo ukiumwa malaria katikati ya dozi mwambie daktari unachomeza.

Kisha kuna rifampisini, dawa ya kifua kikuu (TB), na hapa kwetu haikwepeki. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa za TB atavunja itrakonazoli kiasi kwamba karibu hakuna kitakachobaki. Terbinafini nayo inaondoka mwilini kwa kasi maradufu, flukonazoli inapungua kidogo. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, pia zinaishusha itrakonazoli. Wanaotumia dolutegraviri hawana tatizo hilo. Mara nyingi mgonjwa wa TB mwenye choa kidogo ni bora abaki na krimu mpaka amalize dawa zake.

Flukonazoli

Inapendwa kwa sababu ni nafuu na inamezwa mara moja kwa wiki. Inadumu mwilini kiasi kwamba kila baada ya saa 30 hivi ndipo inapungua nusu, na ngozi inaihifadhi. Dozi ya choa ni miligramu 150 hadi 200 kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Neno la kushika hapo ni wiki. Kidonge kimoja cha 150 ni dozi ya fangasi wa ukeni, na kumpa mtu mwenye choa mgongo mzima kidonge hicho kimoja ni kumpotezea hela. Kuwasha kutapungua siku mbili tatu, kisha duara linarudi, na yeye anaondoka akiamini fangasi wake ni sugu.

Haina shida na chakula wala asidi, hapo imeishinda itrakonazoli. Lakini kwa fangasi wa choa nguvu yake ni ndogo kuliko terbinafini na itrakonazoli. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi aangaliwe, sukari inaweza kushuka ghafla. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda au fenitoini ya kifafa vilevile asiichukue bila daktari kujua.

Griseofulvini, na kwa nini isitupwe

Ni dawa ya zamani, ilianza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Inaingia kwenye seli za ngozi mpya zinazotengenezwa na kuzifanya zisiliwe na fangasi. Ngozi ya zamani yenye ugonjwa ni lazima ing'oke yenyewe, na hapo ndipo urefu wa dozi unapotokea: mtu mzima miligramu 500 hadi 1000 kwa siku, wiki nne kwa choa cha mwili, mara nyingine zaidi. Vidonge vya siku kumi havifiki mbali.

Inataka mafuta. Imeze na maziwa yasiyoondolewa mafuta, chapati, karanga au parachichi, vinginevyo ufyonzwaji wake ni duni. Pombe haiendi nayo, uso unawaka na moyo unadunda. Jua kali linaweza kuunguza ngozi ya anayeimeza. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na wakati huohuo haifai kwa mimba, kwa hiyo mwanamke atumie kinga nyingine na asubiri mwezi mmoja baada ya dozi. Mwanamume naye anashauriwa asitungishe mimba kwa miezi sita baada ya kuimaliza, jambo ambalo karibu hakuna anayeambiwa dirishani.

Kwa choa cha mwili cha mtu mzima, sioni sababu ya kuanza nayo kama terbinafini ipo. Mahali pake ni kichwa cha mtoto. Mapunye yanayoletwa na jamii ya Microsporum, mara nyingi kutoka kwa paka au mbwa, yanaitikia griseofulvini kuliko terbinafini. Yanayoletwa na Trichophyton yanaitikia terbinafini vizuri na kwa muda mfupi zaidi. Dozi ya mtoto ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa kichwa hata zaidi kidogo, wiki sita hadi nane.

Ketokonazoli ya kumeza sitaipa kichwa chake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza iondolewe sokoni kwa matibabu ya fangasi kwa sababu ya kuharibu ini, na mwaka huohuo ile ya Marekani ikaizuia isitumike kwa ngozi na kucha. Krimu na shampuu yake ni salama. Kidonge chake kwa ajili ya choa, kataa.

Mjamzito hapewi chochote kati ya hivi kwa choa. Krimu inatosha kumvusha.

Jaribio la Varanasi

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Varanasi, India, kwa wagonjwa 200 wa choa, kila dawa watu 50, wakimeza kila siku mpaka wapone au wiki nane ziishe. Dozi zilikuwa kwa kilo: flukonazoli miligramu 5, griseofulvini 10, itrakonazoli 5, terbinafini 7.5. Waliopona kwenye itrakonazoli walikuwa asilimia 66, flukonazoli 42, terbinafini 28, griseofulvini 14. Walipopimwa kwenye wiki ya nne, hakuna dawa iliyokuwa imeponya hata mtu mmoja kati ya kumi.

Tazama hesabu ya terbinafini. Mtu wa kilo 60 alikuwa anameza 450 kwa siku, karibu mara mbili ya dozi ya kawaida, na bado saba kati ya kumi hawakupona. Kuongeza kidonge cha pili mwenyewe nyumbani, basi, si njia. Na flukonazoli iliyoipita terbinafini pale ilikuwa kama miligramu 300 kila siku, si ile moja ya wiki.

Sababu kubwa ni fangasi aliyepewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020. Wengi wa jamii hii wana badiliko kwenye jeni la kile kimeng'enya ambacho terbinafini inakilenga, kwa hiyo dawa inafika lakini haishiki. Ameenea Asia ya Kusini, amefika Iran, Ghuba na Ulaya, na mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, wawili wa jiji la New York. Anahama na watu. Watu wetu wanakwenda India kutibiwa na kusoma, Ghuba kufanya kazi, na wanarudi na nguo zao na ngozi zao.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Choa kipya, hakuna safari, hakuna krimu ya mchanganyiko yenye steroidi: terbinafini 250. Choa cha miezi, kimeshika mapaja, makalio na kiuno, kimewahi kutibiwa kikarudi, au mgonjwa ametoka India au Ghuba: itrakonazoli 200 kwa siku chini ya daktari, na ajue mapema kwamba ni wiki sita hadi nane, wengine zaidi. Anaanza na kipimo cha ini na kukirudia njiani.

Tyubu ya mchanganyiko

Madaktari wa ngozi wa India wanaitupia lawama tyubu moja: krimu yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali ndani yake, kama klobetasoli au betamethasoni. Kwetu nazo zinauzwa bila cheti, na wapo wanaozitumia kung'arisha uso. Steroidi inazima kuwasha siku ileile, mtu anaamini amepona, huku ulinzi wa ngozi umelazwa na fangasi anatanuka kwa raha. Duara linapoteza ukingo wake, linakuwa baka lisiloeleweka, ngozi inapata michirizi isiyofutika.

Ukianza vidonge, tyubu hiyo ikome. Jitayarishe kwa wiki ya kwanza na ya pili kuwa mbaya zaidi, wekundu na kuwasha, maana ngozi inadai steroidi yake. Wengi huacha kidonge hapo wakidhani kimewadhuru. Vidonge vya mzio kama setirizini usiku vinasaidia kuvuka.

Kuwasha hupungua ndani ya wiki moja, magamba na ukingo ulioinuka huchukua mbili hadi tatu. Kisha kwenye ngozi yetu nyeusi linabaki doa jeusi tambarare, lisilowasha wala kuwa na gamba, na linaweza kukaa miezi. Hilo ni kovu la rangi tu. Hakuna kidonge cha fangasi kitakacholing'oa, na kuna watu wanaendelea kuharibu ini wakilifukuza.

Wiki mbili zikipita na miduara mipya inatokea, kabla ya kusema dawa imeshindwa uliza: imemezwa kila siku? Na chakula, kama ni itrakonazoli? Kuna omeprazoli au dawa ya TB? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Mke, mume na watoto wenye madoa watibiwe wakati mmoja, la sivyo mnapokezana. Taulo kila mtu yake. Nguo za ndani, shuka na taulo zifuliwe kwa maji ya moto, zikauke juani, zipigwe pasi hasa kwenye mishono. Ndama au mbuzi mwenye mabaka yasiyo na manyoya naye ni chanzo, na anayemshika atapata choa mkononi.

Jibu la maswali hayo yote likiwa safi, nenda kliniki ya ngozi. Beba maboksi na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, usipake chochote kwa wiki mbili kabla, na uombe magamba yaoteshwe maabara. Majibu yake huchukua wiki mbili hadi nne, kwa hiyo matibabu yanaanza kabla hayajarudi.